Shangazi, nilimpeleka mama kula Shangani, nimerudi na aibu

Shangazi, shikamoo.

Nina miaka 41, kazi yangu ipo Dodoma, nina mke na binti wa miaka 9. Mama yangu anaishi Tanga, lakini kwao ni Unguja. Alizaliwa na kukulia Malindi, hatua chache kutoka bandarini, akaolewa na marehemu baba akahamia Tanga akiwa na miaka 20. Sasa ana miaka 68. Kwa muda mrefu safari zake za Unguja zilikuwa za misiba tu: anazika, anakaa mpaka hitima, anapanda boti anarudi. Nikaweka nia kwamba safari moja atakwenda kwa furaha. Nilidunduliza mwaka mzima.

Tulifikia kwa mama mdogo, Michenzani, ghorofa ya nne. Jumamosi asubuhi mama mdogo akatoka chumbani na kapu lake, anakwenda soko la Darajani, akasema anatafuta pweza wa usiku. Nikamwambia asihangaike, leo nampeleka mama sehemu nzuri. Akasema haya, akaliweka kapu chini.

Sehemu yenyewe niliiona kwenye simu: paa la nyumba ya zamani Shangani, Mji Mkongwe, taa za kuning'inia, jua linazama baharini. Njia nzima kwenye boti mama alikuwa akitusimulia pweza wa nazi aliokuwa akipika bibi, mama yake, na namna walivyokuwa wakigombania ukoko wa rojo kwenye sufuria. Nikasema leo nitamlisha pweza huyo mahali ambapo hajawahi kukaa.

Tulifika kama saa kumi na mbili. Kijana mmoja aliyesimama kichochoroni akatudaka, akatupandisha ngazi mpaka juu. Mhudumu akatusemesha Kiingereza. Mama akamjibu, "Kheri mwanangu, hujambo?" Mhudumu akacheka, akageuza lugha.

Menyu ilikuwa dola tupu. Pweza wa nazi 14, biriani ya kuku 12. Nikapiga hesabu kichwani nikaona kwa laki mbili na nusu tutatoka salama. Samaki wa kuchoma aliandikiwa dola 3.5 na maneno madogo mbele yake. Mhudumu akaleta trei ya changu wakubwa, akanionyesha mmoja, akasema huyu anatosha familia. Nikatikisa kichwa kukubali.

Tulisubiri saa moja na dakika kumi. Jua lilishazama, giza limeingia, binti yangu amelala mezani. Pweza alipokuja alikuwa mzuri wa kutazama, ametandazwa juu ya jani la mgomba, tui jeupe limezungushiwa pembeni. Mama akatia kipande mdomoni. Mimi sikuwa nakula, nilikuwa namwangalia yeye. Akatafuna, akatafuna, akaacha. Akachukua karatasi ya kupangusia mdomo, akakitoa kile kipande, akakikunja ndani yake na kukiweka ukingoni mwa sahani. Nikamuuliza, vipi mama? Akasema, "Mzuri, baba. Meno yangu tu." Shangazi, mama ana meno yake yote. Anatafuna miwa. Nikaonja mwenyewe, nikajua natafuna ndala.

Biriani ilikuwa wali wa rangi mbili na rojo la nyanya limemwagwa juu, paja la kuku ndani baridi. Samaki ndiye alikuwa afadhali, ila amekauka.

Bili ikaja: dola 113, juu yake asilimia 10 ya huduma, jumla dola 124.30. Yule samaki peke yake dola 49. Kumbe 3.5 ilikuwa bei ya kila gramu 100, na wao wanasema alikuwa kilo 1.4. Niliposema nalipa shilingi wakageuza kwa 2,800, na benki siku ile dola ilikuwa 2,480. Laki tatu na elfu arobaini na nane.

Nilisimama. Nikamwambia yule mhudumu nyie ni wezi, mnaibia wazee, na nikasema kwa sauti. Meza zote ziligeuka. Kijana anatetemeka na kile kisahani cha bili mkononi. Nilipomgeukia mama nikamkuta anafungua pindo la kanga chini ya baibui. Akatoa noti mbili za elfu kumi zilizokunjwa nne nne, akazisogeza upande wangu. "Ongezea hizi, baba. Twende zetu."

Nililipa. Hakusema neno mpaka Michenzani. Mama mdogo alipofungua mlango akauliza mmekula nini, mama akamjibu, "Tumekula vizuri, alhamdulillahi," akapita kulala.

Ni wiki tatu sasa. Nikipiga simu ananijulia hali, ananiombea dua, anakata. Nilipomwambia nitampeleka tena mwakani akasema, "Usijisumbue, baba. Hela zako zisomeshe mtoto."

Mke wangu anataka tuwaandike mtandaoni waharibikiwe jina. Mdogo wangu wa kike anasema kosa ni langu, nimejifanya mtalii kwetu. Nisaidie. Naweza kudai fedha yangu? Tuwaandike? Na mama nimfanyeje?

Mtoto wa Malindi, Dodoma

*

Marahaba mwanangu. Na mama nisalimie.

Tuanze na fedha, kwa sababu hilo ndilo jepesi.

Kwanza tazama hiyo bili uliyopewa. Kama ni karatasi ya bili iliyoandikwa kwa mkono au iliyotoka kwenye kompyuta yao tu, bado huna risiti. Risiti ni ile ya kielektroniki ya kodi, na unayo haki ya kuidai hata leo. Muombe mkeo afungue picha za jioni ile. Nina hakika alipiga picha ya meza, na huenda menyu imeonekana pembeni. Itakusaidia kuona kama ile asilimia 10 ya huduma ilitajwa popote kabla hamjaagiza. Kama haikutajwa, iulizie.

Hoja yako nzito ni ya dola. Tangu Machi 2025 Tanzania ina kanuni za matumizi ya fedha za kigeni zinazokataza bei ya bidhaa na huduma za ndani kutangazwa au kutozwa kwa fedha za nje. Wewe Mtanzania, unakula chakula kilichovuliwa na kupikwa hapa hapa, ukawekewa bei ya dola kisha ukageuziwa kwa kiwango walichokipanga wao. Kwa dola 124.30, tofauti ya 2,800 na 2,480 inakaribia shilingi elfu arobaini. Hiyo ndiyo uiandike kwenye ujumbe kwa meneja, kwa utulivu: tarehe, saa, namba ya meza kama unaikumbuka, kiasi, na unachotaka urudishiwe. Usidai laki tatu yote. Anayedai yote anajibiwa kwamba mlikula, na kweli mlikula.

Kwa samaki, sitakudanganya, hapo umebanwa. Bei kwa gramu 100 ilikuwa imeandikwa, ukaonyeshwa samaki, ukakubali. Unachoweza kuuliza ni kwa nini hakupimwa mbele yako, na kama uzito ulichukuliwa kabla au baada ya kutolewa matumbo na magamba, maana tofauti yake si ndogo. Siku nyingine samaki wa namna hiyo apande kwenye mizani ukiwa umesimama hapo, na ile 3.5 izidishe kwa kumi kwanza ndiyo ujue bei ya kilo. Kilo ya changu kwa dola 35! Mama yako angeliona hilo kabla ya wewe, kama ungempa hiyo menyu asome. Naona kwenye barua kwamba kila kitu uliagiza wewe.

Meneja akikaa kimya, ipo Kamisheni ya Utalii Zanzibar, na ipo tume ya ushindani ya Zanzibar inayoshughulikia malalamiko ya walaji. Peleka maandishi na vielelezo vyako. Inachukua muda, lakini malalamiko yasiyoandikwa hayafanyi kazi yoyote.

Kuhusu mtandao, mwambie mkeo aandike, sina tatizo nalo. Ila aandike alichokiona: tuliagiza hiki, kikaja hivi, tukasubiri saa moja na dakika kumi, bei ilikuwa hii, kiwango cha dola kilikuwa hiki. Neno "wezi" alitoe. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inambana mtu anayesambaza habari za uongo, na hata bila sheria, anayesoma haamini matusi, anaamini namba. Msomaji akikuta "dola 49 kwa samaki mmoja" atajiamulia mwenyewe.

Sasa nikueleze kilichotokea jikoni, kwa sababu naona bado unadhani ulikosea mgahawa tu, ukipata mwingine wenye paa zuri zaidi mambo yatakuwa sawa.

Pweza ni mnyama wa subira. Wanawake wa pwani wanamtoa mwambani maji yakitoka, na kabla hajafika chunguni anapigwa. Anapigwa kwenye jiwe au kwa mchi, anasuguliwa mpaka anatoa povu, anaoshwa, anasuguliwa tena. Kisha anachemshwa kwa moto mdogo, karibu bila kuongezewa maji, kwa kuwa maji yake mwenyewe yanamtosha. Anasinyaa karibu nusu. Akishalainika ndipo anaingia kwenye kitunguu, nyanya na bizari, anapewa tui jepesi achemke nalo, na tui zito linakuja mwisho pamoja na ndimu. Ule ukoko wa rojo aliousimulia mama yako unatokana na hapo: tui limekaa na pweza mpaka limeshika sufuria.

Wewe umeniandikia kwamba tui lilikuwa limezungushiwa pembeni, jeupe. Mwanangu, maana yake pweza na tui walikutana kwenye sahani. Pweza alichemshwa kidogo mchana, au hakuchemka inavyotakiwa, jioni akapitishwa kwenye moto mkali ili apate rangi, tui likamwagwa kwa ajili ya picha. Hata mngengoja saa tatu asingekuwa pweza wa nazi. Mama yako alilijua hilo kabla hajatia mdomoni.

Biriani nayo niseme kidogo, kwa haki. Rojo kumwagwa juu si kosa. Biriani ya Unguja masala hupikwa mbali na wali mbali, vinakutana mwishoni. Kosa ni rojo la nyanya tupu, lisilo na mtindi wala kitunguu cha kukaanga, na kuku baridi. Ukitaka biriani, kula Ijumaa mchana katika migahawa ya watu wa mji, inapotoka jikoni wakati huo huo. Biriani ya Jumamosi usiku juu ya paa mara nyingi ni kiporo.

Mgahawa wa pale hauishi kwa mteja anayerudi. Mwaka 2024 wageni walioingia Zanzibar walipita laki saba. Wengi wao wanakaa Mji Mkongwe usiku mmoja au miwili, wanaelekea fukwe za Nungwi au Paje, wanaondoka. Mpishi wa mtaani akiharibu pweza leo, kesho watu wanapita mlango wake bila kusimama. Mpishi wa juu ya paa kesho ana sura mpya ishirini. Na yule kijana wa kichochoroni aliyekudaka, wenyeji wanawaita mapapasi, mara nyingi hulipwa kwa kila mgeni anayempandisha, na malipo yake yanatoka kwenye sahani yako. Wapo wapishi wazuri Shangani, nimekula kwao na nikashukuru. Lakini mtu akichagua kwa kuangalia machweo, anauziwa machweo, na chakula kinafuata nyuma.

Kuhusu yule mhudumu. Hakupika yeye, hakupanga kiwango cha dola yeye, na huenda naye ana mama mahali fulani ambaye yeye humtumia fedha kutoka kwenye mshahara wake wa pale. Alicheka kwa furaha mama yako alipomsalimu, akageuza lugha. Katika ukumbi mzima huo ndiye mtu pekee aliyewapokea kama wenyeji, na ndiye uliyemwita mwizi mbele ya watu. Kwenye ujumbe wako kwa meneja weka mstari mmoja kwamba mhudumu aliyewahudumia hakuwa na kosa na unamwomba radhi kwa sauti uliyotumia. Usipoandika jingine lolote, hilo liandike.

Nije kwa mama.

Alipotoa kile kipande mdomoni akasema "meno yangu tu", alikuwa anakusitiri. Alijua umedunduliza mwaka mzima. Alikuwa tayari kurudi Tanga na njaa yake na siri yake, wewe ukabaki unaamini ulimfurahisha. Uliposimama na kupiga kelele, ile sitara ukaipasua, tena mbele ya wageni, katika mji aliozaliwa. Noti mbili za pindo la kanga hazikuwa kwa ajili ya bili. Alitaka unyamaze tu, na hakuwa na njia nyingine ya kukunyamazisha bila kukugombeza mbele ya mkeo na mtoto wako.

Lakini nadhani lililomuumiza zaidi lilitokea asubuhi ile, na katika barua yako umelipitia kwa mistari michache tu. Nimelirudia mara tatu. Mama mdogo alitoka na kapu kwenda kutafuta pweza, ukamwambia asihangaike, akaliweka kapu chini.

Mama yako alikuwa akisimulia pweza wa mama yake. Nani mwingine duniani aliyekula kwenye sufuria ile, akagombania ukoko ule? Mkono wa bibi yako upo Michenzani, ghorofa ya nne. Dada wawili walikuwa wakutane jikoni, mmoja akune nazi, mwingine asugue pweza, wabishane nani alikuwa akipewa ukoko na nani akipewa mkia. Kwa miaka yote wamekutana kwenye misiba, wameshika majamvi na sufuria za watu. Jioni ile ilikuwa yao. Wewe kwa mapenzi yako, na sina shaka hata kidogo na mapenzi yako, ukaichukua ukaipeleka Shangani. Na mliporudi, mama akalazimika kumwambia mdogo wake uongo mlangoni, kwamba wamekula vizuri, ili usiaibike wewe na ili mama mdogo asione kwamba kapu lake liliwekwa chini bure. Anayeongea nawe kwa ufupi kwenye simu ni mtu aliyechoka kubeba uongo wa wawili.

Mdogo wako wa kike amesema umejifanya mtalii kwenu. Kasema kwa ukali, lakini hayuko mbali.

Fanya hivi. Simu ya kwanza usimpigie mama, mpigie mama mdogo. Mwambie ukweli wote: pweza hakulika, bili ilikuwa hii, nilipiga kelele, na nilikukosea asubuhi nilipokuzuia kwenda sokoni. Usimtumie fedha siku hiyo hiyo, ataona unamlipa. Muombe jambo moja, akupangie siku ya kuja kula kwake.

Atakutajia siku kwa bamvua, na umsikilize. Maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo ndiyo yanayokauka mpaka mwambani na kuwapa wanawake nafasi ya kuokota pweza wengi. Katika maji mafu, yasiyokauka mpaka huko, sokoni utakuta wachache, na wa barafu. Hiyo nayo ulipaswa kuuliza pale juu kabla ya kuagiza: huyu pweza ametoka lini, na maji ya lini?

Baada ya hapo mpigie mama. Usianze na "mama nisamehe kwa yale", ataikata hapo hapo, atasema hakuna kitu, baba. Mwambie mama mdogo ametuita, na anasema hawezi kumpika pweza peke yake. Kisha nyamaza usikilize atakavyojibu. Siku mkiwa naye ana kwa ana, wawili tu, ndipo umwambie kwamba ulikiona kile kipande kwenye karatasi. Basi, hilo tu. Ataelewa kwamba umeelewa.

Zile noti mbili za elfu kumi, barua haisemi zilikwenda wapi. Kama ulizitumia, mrudishie katika pindo lile lile, bila maneno. Na gharama ya safari hii itakuwa ndogo kuliko ya ile ya kwanza: boti, nazi nne, pweza wa kilo mbili tatu, ndimu, mkate wa kumimina. Jioni mkitaka kuliona jua likizama, tembeeni mpaka Forodhani mkae ukutani na kikombe cha kahawa, mama aangalie bandari yake. Kuangalia kule hakulipiwi.

Asubuhi ya siku hiyo, mama mdogo akitoka chumbani kwenda Darajani, kapu ulibebe wewe.

Shangazi